Seli za Bibi Theresia

Majirani wa Shamsia pale Morogoro walishachoka kumwuliza yeye ni daktari wa namna gani, maana tangu apate huo udaktari hakuna aliyemwona akimpa mtu hata kidonge cha kichwa. Alikuwa amemaliza shahada ya uzamivu, na sasa alikuwa katika ile miaka miwili ya utafiti inayofuata, ambayo mtu si mwanafunzi tena wala mwajiriwa wa kudumu hajawa. Kazi yake ilikuwa kufuga seli za saratani ya mapafu maabarani. Kufuga hasa: azilishe, azisafishe, azichungulie kila asubuhi kwa hadubini, na zikifa alie.

Alizozithamini kuliko zote zilitoka kwa Bibi Theresia wa Matombo, aliyepikia harusi na misiba ya watu kwa miaka arobaini. Sigara hakuwahi kuigusa. Moshi alioujua ni wa kuni. Wanawake wa aina yake ndio Shamsia aliotaka kuwaelewa. Bibi alipoombwa kipande cha uvimbe wake hakuuliza mengi.

"Hizo seli zitakula nini huko?"

"Zina chakula chake, bibi. Nitazilisha mwenyewe."

"Basi usizilaze na njaa," alisema, akatia dole gumba kwenye karatasi.

Bibi alifariki kabla ya Krismasi. Mwezi Machi ukungu, kama ule wa mkate uliolala, ukaingia maabarani na kuua seli zake zote zilizokuwa zikikua. Zikabaki zile tu zilizogandishwa mwaka jana, vichupa sita ndani ya mtungi wa naitrojeni, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, inayogandisha kitu mpaka kikasahau kufa. Vikiharibika hivyo, hakuna pa kuchukulia vingine.

Jumatatu asubuhi, Shamsia alifungua mtungi asione ule moshi mweupe unaofuka kila siku. Alitia rula ndani, ikatoka kavu. Akainua kikapu cha vichupa, kitupu. Akakaa sakafuni na koti lake jeupe, akakumbuka kuwa Alhamisi aliukuta mtungi unatoa jasho shingoni, naye kwa usafi wake akalifuta kwa kitambaa. Ijumaa alishinda Dar es Salaam mkutanoni, simu kaizima kama walivyoagizwa.

Mwenye funguo nyingine ni Mzee Hashimu, fundi wa maabara, na Mzee Hashimu alikuwa amepanda milimani kumzika shemeji yake, huko ambako mtandao haufiki. Shamsia alimpigia mara kumi na nne. Alikuwa amekata tamaa kabisa, tena amemkasirikia kila mtu, marehemu shemeji akiwemo.

Saa sita mzee akaingia, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Dar?"

"Nzuri. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Tumemzika vizuri, mvua ikatusubiri. Wazazi hawajambo?"

Hawajambo, alijibu Shamsia. Salamu za Mluguru aliyetoka msibani hazirukwi hata nyumba ikiwaka moto, naye alizijibu zote mpaka ya mwisho.

"Mzee, vichupa vya Bibi Theresia viko wapi?"

"Viko salama. Viko pamoja na mbegu za madume."

Kabla ya maabara, Hashimu alikuwa mhimilishaji, fundi wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, miaka ishirini na mbili. Mbegu za madume nazo hutunzwa kwenye mtungi wa namna hiyohiyo. "Mtungi ukitoa jasho shingoni, umekufa huo," alisema. "Hata mwanafunzi wa mifugo anajua. Nilikupigia Ijumaa, simu imezimwa. Nikavifunga kwenye soksi, nikavipeleka kwa Hafidhi, niliyemfundisha kazi. Mwenyewe sikumkuta, na mtungi wake mkubwa ulikuwa umejaa, nikatia na kijana wake kwenye mdogo."

"Ule mdogo si ndio anaotembea nao?"

Mzee akageukia mlango. "Ndio," alisema.

Walimkuta Hafidhi nje kidogo ya Mikese, kwenye zizi, mkono mmoja ndani ya ng'ombe mpaka begani, na pikipiki yake chini ya mti ikiwa na mtungi umefungwa nyuma kwa mpira.

"Shikamoo, mzee," alisema bila kugeuka. "Mkono sina."

Shamsia hakungoja amalize. Alifungua mtungi, na moshi mweupe ukafuka mpaka usoni kwake. Akashukuru Mungu kwa sauti, mbele ya ng'ombe. Soksi ilikuwa chini kabisa, nyeusi, imezama.

"Nilitaka kuitupa," alisema Hafidhi alipokwisha nawa. "Nilikuwa sipo ilipotiwa, kijana wangu hakuniambia kitu. Ila nikaona fundo. Fundo la kufungia ndama namna hiyo hafungi mwingine ila mzee, nikaiacha."

"Penye wazee haliharibiki neno," alisema Hashimu, akijisifu mwenyewe.

Lakini kubaki kwenye baridi si kubaki hai, na barabara ya Mikese ina matuta. Alasiri hiyohiyo aliyeyusha kichupa kimoja, akazimimina seli kwenye chupa bapa, akaziweka kwenye kabati la joto. Seli zilizokufa huelea. Zilizo hai hushika chini na kujinyoosha, ila utake usitake, utangoja mpaka kesho.

Kesho yake alifika kabla ya mfagizi. Aliinamia hadubini muda mrefu, na Mzee Hashimu akasimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Enhe?"

Nyingine zilielea. Lakini chini zilikuwepo, nusu nzima na zaidi, zimeshika na kujitandaza kama madonge ya chapati yaliyoanza kusukumwa. Shamsia alimpisha mzee atazame, akafuta machozi kwa mkono wa koti bila kuona haya.

"Hizi zimepona," alisema mzee. "Sasa njoo tunywe chai. Jana hukula."

"Tangulia, mzee," alisema Shamsia, akifungua friji kutoa chakula cha seli. "Hizi hazijala tangu mwaka jana."