Chini ya Anastase

Kompyuta ilipoletwa ofisi ya viwanja hapa Gisenyi, mwaka wa tisini na tisa, Verediane alinuna wiki nzima. Alikuwa amepiga taipu miaka kumi na tisa, na mtu akimwambia mstari wake umepinda alikasirika kama ametukaniwa mama yake. Masista waliomfundisha walikuwa wakifunika vitufe kwa kitambaa ili mwanafunzi asitazame vidole. Macho kwenye daftari, walisema, mikono itajua kazi yake yenyewe. Basi mikono ya Verediane ikaijua kazi, tena ikaijua kupita kiasi, na balaa likapitia hapo hapo.

Mkuu wake, Johnson, alikuwa amerudi kutoka Uganda na Kiswahili cha kuamrisha. Yeye ndiye aliyemfundisha kupiga orodha. Kamati ilikuwa imeandika kwa mkono familia sitini na kitu zisizo na makao, wenye shida zaidi wakitangulia. Daftari halikuwa na namba hata moja. Viwanja vilikuwa arobaini, upande wa Nyakiriba.

"Mama, wewe usihesabu," Johnson alimwambia. "Mashine inahesabu yenyewe. Mwenye nyumba anakaa nje, anapata namba. Mke na watoto unawaweka ndani, wanapata herufi. Ukibonyeza Tab, mtu anaingia ndani. Ukishika Shift na Tab pamoja, anatoka. Namba arobaini ndiyo ya mwisho. Wengine wangoje mwakani."

Miaka ile kuwekwa ndani halikuwa neno la kuchezea, maana karibu kila ukoo ulikuwa na mtu wake gerezani. Verediane hakucheka. Aliitikia kwa kichwa tu.

Usihesabu! Angeachaje kuhesabu? Siku daftari lilipofika mikononi mwake, kabla hata hajavua shali, alipitisha kidole jina kwa jina mpaka akafika kwenye lake. Arobaini na moja. Akarudia kutoka chini kwenda juu, ikawa ile ile. Alikuwa mjane, na binti zake wawili, Ineza na Gatesi, walikuwa wakilala naye chumba kimoja nyuma ya duka la Muhamadi, ukuta ukilowa kila mvua ikinyesha. Muhamadi alikuwa ameshasema anataka chumba chake mwezi wa sita, na hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Kukosa kwa nafasi moja, jamani! Afadhali angekuwa wa sitini, asingeumia hivyo. Alikwenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini.

Akaanza kupiga. Asubuhi yote kazi ilikwenda vizuri, wenye nyumba nje, watu wao ndani. Akafika ishirini na mbili, Anastase fundi viatu, na ndani yake mke na watoto watatu, a mpaka d. Akabonyeza kutoka, ishirini na tatu ikajitokeza ikingoja jina. Saa ya kula ikafika, akaenda kula maharage yake.

Sasa sikia ujinga wa mkono. Kwenye ile mashine ya chuma, kila unapoanza upya unaanza na alinea, mstari wa kwanza unaingia ndani kidogo, na kidole kinagonga Tab kabla kichwa hakijafikiri. Verediane alirudi, akaketi, akakaza macho kwenye daftari kama masista walivyotaka, na kidole kikagonga. Kisha akapiga jina lililofuata. Lilikuwa la Mukeshimana, bikizee aliyebeba makabichi kichwani kwenda Goma mpaka miguu ikamwishia, hana mume, hana mtoto, analala jikoni kwa majirani. Alipoinua macho kwa ajili ya jina la baada yake, akaona herufi pale alipotaka namba. Hakuuliza kwa nini. Mashine ilikuwa na visirani vyake, na hicho alikihesabu kimoja zaidi. Akabonyeza kutoka, ishirini na tatu ikaja, akampa mtu mwingine.

Jioni akafika kwenye jina lake mwenyewe. Likakaa kwenye arobaini.

"Yezu wangu," alisema.

Daftari lilikuwa pale pale chini ya kiwiko chake. Kulipitia upya kungemchukua dakika tano. Akajiambia labda kuna aliyekufa, labda kamati imefuta mtu, labda hata siku ile alihesabu vibaya kwa kihoro. Lakini alihesabu mara mbili, tena yeye si mtu wa kukosea hesabu. Akalifunga daftari, akalitia kwenye kabati, akazungusha ufunguo. Nyumbani aliwaambia binti zake, "Tumepata," na Ineza akamrukia shingoni karibu amwangushe.

Orodha ilibandikwa mlangoni siku ya Ijumaa, ikae mpaka Jumatatu saa nne, watu waitazame kabla haijatiwa saini na muhuri.

Jumatatu saa tatu mke wa Anastase aliingia akipiga kelele tangu barabarani. "Mi nimezaa na huyu mwanaume watoto tatu! Leo mashine yenu inamuletea bibi wa pili? Tena mukecuru, muzee kama huyu?" Nyuma yake Mukeshimana alikuja na fimbo yake, pole pole, na nyuma ya Mukeshimana lilikuja kundi la watu lililoacha shughuli zake kuja kucheka.

"Mukecuru, uliolewa lini? Mbona hata samaki sambaza za harusi hatukukula!"

"Anastase iko wapi? Aje achukue bibi yake!"

Mukeshimana hakucheka. Aliinama juu ya meza ya Verediane. "Mi sina bwana. Nilijiandikisha peke yangu. Wamenisomea pale mulangoni, eti niko ndani ya Anastase. Namba yangu iko wapi?"

"Ngoja, mama," Verediane alisema. "Ngoja nje kidogo, nitazame."

Aliwatoa wote, akarudisha mlango. Johnson alikuwa bado kwa burugumesitiri, mkuu wa mji. Akaifungua orodha kwenye mashine, na hakuhitaji kutafuta sana. Mke, watoto watatu, halafu e, Mukeshimana, amepangwa na watoto wa fundi viatu kama kitinda mimba wao. Verediane alikitazama kidole chake kidogo cha kushoto, akatamani kukikata.

Akashika Shift na Tab. Mukeshimana akatoka nje, akapata ishirini na tatu yake. Na wote waliokuwa chini yake wakasogea hatua moja, papo hapo, bila mtu kuwagusa. Verediane akateremka mpaka chini, ingawa alishajua atakachokikuta. Arobaini, Tuyisenge. Arobaini na moja, Verediane.

Akabonyeza Tab. Mukeshimana akaingia ndani, yeye akarudi arobaini. Akamtoa, ikawa arobaini na moja. Akamwingiza tena. Kitu chepesi kiasi hicho, hata jasho hakitoi! Na bikizee mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya mlango ule, akikohoa. Watu wangecheka siku mbili tatu, Anastase angenyamaza kwa sababu mabati yaligawiwa kwa idadi ya watu ndani, na wa kumsikiliza Mukeshimana angekuwa nani?

Alimtoa mara ya tatu, na safari hii akachapa karatasi haraka, kabla mkono haujabadili nia.

Johnson aliingia akiwa na haraka ya saini. Akachukua karatasi mpya, akabandua ile ya zamani mlangoni, akazishika bega kwa bega mbele ya watu wote. Macho yake yakapanda na kushuka.

"Mukeshimana ametoka ndani," alisema. "Na wewe, Mama Ineza, umetoka kwenye arobaini."

Hapo vicheko vilikatika.

"Alaa!" mke wa Anastase alisema. "Donc, kumbe alimuficha mukecuru ndani ya watoto yangu ili yeye apate kiwanja!"

"Sikumficha," Verediane alisema. "Ni mkono. Ni alinea. Niliporudi kula..."

"Mukono!" Mtu mmoja alirudia, na wakacheka upya, kicheko kingine, kibaya. "Na mukono ulijua kwa kuchagua!"

Johnson hakucheka wala hakupayuka. Alimwambia tu kwamba kuanzia kesho orodha zitapigwa na karani mwenzake, Tuyishime, yeye arudi kwenye bahasha na mihuri. Kisha akatoka na karatasi kwenda kukusanya saini za waliopata viwanja, na watu wakamfuata mpaka uani.

Mukeshimana alibaki. Alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, fimbo katikati ya magoti.

"Mi sijui kusoma," alisema. "Mambo ya mashine sijui kabisa. Hata mukono wako labda ulikosea kweli. Nakuuliza kitu kimoja tu, Mama Ineza. Ile siku uliona arobaini, ulijua si yako?"

Verediane angeweza kumweleza habari ya masista na kitambaa, ya maharage na Tab, na kwamba asubuhi hii hii yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa, kwa hiari yake, hakuna aliyemlazimisha. Yote yalikuwa kweli. Lakini bikizee hakuuliza hayo.

"Nilijua ni ya mtu," alisema. "Sikujua ni yako."

Mukeshimana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia bei asiyoiweza.

"Jana kwenye misa ulinipa mukono," alisema. "Ukaniambia amani."

Akaegemea fimbo yake, akasimama, akatoka uani kwenda kutia dole gumba mbele ya ishirini na tatu.