Sakafu Iliyoishia Karibu na Madhabahu

Nina hasira mpaka leo, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Mwaka wa hamsini na saba tulikuwa tukiweka sakafu ya simiti katika kanisa letu la Ruiru. Mzee Bedan, mwenyekiti wa kamati, alipima urefu na upana, akaamua unene uwe inchi mbili, akatangaza vifaa vitakavyotosha: simiti sehemu moja, mchanga sehemu nne. Simiti ililetwa na lori kutoka Thika. Mchanga tuliubeba sisi wanawake kutoka mtoni, mgongoni, ukanda kichwani. Mama mkwe wangu, Ngendo, ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo.

Mafundi walipokaribia madhabahu, simiti na mchanga vyote vikaisha.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Bedan alisimama mbele ya watu wote. "Hesabu yangu iko sawa. Kama simiti imepungua, mwenye ufunguo atuambie imeenda wapi."

Wazee wakaamua Ngendo asishiriki meza ya Bwana mpaka atubu. Atubu nini? Nyumbani kwake sakafu ni ya udongo na mavi ya ng'ombe!

Na sisi tunaopaka sakafu hizo tunajua kwamba shimo linakula. Hupaki kabla ya kujaza mabonde. Lakini mawe ya chini kanisani yalipangwa na wanaume, harakaharaka, na hakuna aliyevuta uzi kuona kama yamelingana. Katikati palibonyea kama sahani.

"Vunjeni hapa katikati, mpime," Ngendo akawaomba.

"Ai! Tuvunje nyumba ya Mungu kwa sababu yako?" Bedan akasema. "Na askofu anakuja wiki ijayo?"

Yaani sakafu isiguswe, jina la mtu ndilo livunjwe! Nilichukua mtaimbo wa mafundi nikapiga pale katikati. Walinipigia kelele, nami nikazidi kupiga. Bedan mwenyewe akateremsha futi yake ndani ya tundu. Inchi tano. Akaiangalia, akaiangalia tena.

Nilingoja neno moja tu, pole. Unajua alisema nini?

"Haya, akina mama, kesho mwende mtoni mapema. Kuna shimo la kuziba."

Ngendo alijifunga shuka lake taratibu, akaelekea mlangoni.

"Mto uko pale pale, Mzee Bedan," akasema. "Na mgongo unao."