Miiba ya Punda

Wanyama wa korongo la Mkiwa walikuwa na akili nyingi sana. Nyingi mpaka nusura wafe kwa kiu, na maji yapo hatua kumi tu kutoka walipolala. Sikilizeni upuuzi huu.

Kiangazi kilikausha korongo, likabaki mchanga mtupu. Punda akachimba kwa kwato mpaka akapata maji. Akanywa, akaburuta matawi ya miiba kwa meno, akafunika kisima, akaenda zake kivulini.

Basi! Mbuzi akaona miiba, akaitisha mkutano. Mbuzi huyu alitoroka kwa watu, kwa hiyo alijiona profesa.

"Mimi nimeishi kijijini," alisema, akitikisa ndevu. "Watu wakizungushia shamba miiba, maana yake ni moja: usiguse. Punda ametunyima maji."

"Mchoyo mkubwa!" Ngiri akadakia.

Wakakubaliana wamnunie. Siku mbili hakuna aliyempa shikamoo, na yeye ndiye mkubwa wao wote. Punda naye, eti mkubwa hawezi kuwaanza wadogo kwa salamu, akanyamaza. Wajinga watupu, pande zote mbili!

Aliyeumia ni Kanga. Siku ya tatu asubuhi, kifaranga wake mdogo kuliko wote alishindwa kusimama. Alifunua mdomo, sauti haikutoka.

"Ninyi endeleeni kununa," Kanga akawaambia wenzake. "Mimi mwanangu anakufa."

Akamwendea Punda. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja! Mbona hamnywi maji?"

"Si umeweka miiba?"

Punda akashangaa. "Nimebeba madumu ya watu miaka tisa. Kisima cha mchangani hufunikwa miiba ili kisichafuliwe. Mwenye kiu anaitoa, anakunywa, anairudishia. Nani asiyejua hilo?"

Kanga hakungoja amalize. Akachomoa tawi, akachota maji kwa mdomo, akamdondoshea mwanawe tone moja moja, mpaka yule kifaranga akalia, "Pii!" Kanga naye akalia machozi.

Wengine, waliokuwa wakisikiliza kwa mbali, wakaja mbio, hata aibu hawana. Mbuzi akawapiga kikumbo wote, akafika wa kwanza, akauliza kwa madaha, "Kisichafuliwe na nini, mzee?"

Punda akamtazama nyuma, chini ya mkia, pale alipokuwa anadondosha gololi za mavi kando ya maji.

"Na wewe," akasema.