Askari Hakui

Msimamizi wa karakana aliigeuza suruali, akapitisha vidole kwenye upindo wa miguu, kisha akamrushia mshonaji mapajani.

"Mama, hizi unamshonea nani, mtoto wa darasa la pili?"

"Nisamehe, mwanangu. Mkono umezoea."

Miaka yote alishona sare za shule, na sare huachiwa upindo mrefu ili mtoto akirefuka mzazi aushushe. Lakini kitambaa kilitoka nchi jirani. Wakubwa wa huku na wa kule wakarushiana maneno redioni, wakafunga mpaka, kitambaa kikabaki ng'ambo. Fedha za shule zikahamishiwa jeshini. Wazazi tuwe macho: ugomvi wa wakubwa hauanzi na bunduki, huanza na vitu kupotea dukani. Sasa karakana nzima ilishona magwanda tu.

"Fumua zote," alisema msimamizi. "Askari hakui."

Washonaji wenzake wakacheka. Naye mama akacheka kidogo, akashika wembe.

Mchana kifunguamimba wake alimfuata pale pale kwenye mashine.

"Mama, nimechukuliwa. Kesho naingia kambini."

"Umechukuliwa na nani, wakati mimi sijakutoa?"

"Nilikuwa nabeba marobota mpakani, mama. Mpaka wenyewe uko wapi? Wanaoajiri ni jeshi tu."

"Na wale wa ng'ambo mliokuwa mkinywa nao chai? Ndio utakaowapiga risasi?"

"Nao wameshaingia jeshini kwao." Kijana akainamisha macho. "Mbona hata wewe unakula kwa hayo magwanda?"

Mama akainamia mashine.

Mama Vifungo, jirani yake wa mashine, akataka kupoza mambo. Akavuta futi shingoni. "Njoo shujaa, tukupime. Lako atalishona mama kwa mkono wake, au siyo?"

"Mwanangu hapimwi hapa," alisema mama. Akazima mashine, akafunga khanga kiunoni.

"Jioni haijafika," msimamizi akamwambia. "Ukitoka umetoka."

"Nimetoka."

Kijana akabaki amesimama, hajui amfuate au asimfuate.

Msimamizi hakugombana na mtu. Tangu mpaka ufungwe, wanawake walishinda mlangoni wakisubiri nafasi. Akamwita mmoja kwa kidole. Yule akaingia mbio, akaketi kabla kiti hakijapoa, akauliza, "Upindo niache kiasi gani?"