Ngazi ya Shoga Yake Bibi

Katika mji wetu hakuna ngazi iliyowahi kunishinda. Za saruji, za mbao, za chuma zinazolia ukizikanyaga kana kwamba zimeonewa, zote zimo kwenye simu yangu. Wenzangu niliosoma nao hupiga picha za nyuso zao. Mimi napiga ngazi na maisha yanayopanda na kushuka juu yake: kinyozi anafagia nywele kuzisukuma kwa jirani, wanaume wawili wameng'ang'ania kochi lililokwama kwenye kona na kila mmoja anamlaumu mwenzake, mtoto anateleza juu ya chuma cha kushikia huku suruali yake ikiandaa maelezo ya kutoa nyumbani.

"Ngazi tena?" dada yangu huniuliza. "Si ungetafuta mchumba?" Mama naye anasema simu yangu ingekuwa na mdomo ingeomba talaka.

Aliyeona faida ya kipaji changu ni mmoja tu, bibi mzaa mama. Bibi ana goti. Najua kila mtu ana goti, lakini la Bibi ni la kipekee: linakula naye, linalala naye, na ndilo linaloamua aende wapi. Kwa hiyo akialikwa popote, kwanza ananituma nikapige picha ya ngazi. Nikirudi anavaa miwani, anaikuza picha kwa vidole viwili na kuisoma kama daktari anavyosoma picha ya mbavu.

"Hapa fundi alijengea twiga. Siendi." Au, "Hapa pana chuma cha kushika, na inapogeuka pana nafasi ya kiti. Waambie nakuja."

Basi wiki ile akaniita. Bibi huniita mume wangu, na mimi sijawahi kuikataa ndoa hiyo kwa sababu ina chakula.

"Mume wangu, shoga yangu fundi cherehani alivunjika nyonga. Amepasuliwa, anapona, lakini kushuka ngazi hawezi. Jumamosi binti yake anakuja kumchukua akaishi naye, mbali huko. Nisipomwona kabla ya hapo, kwa umri wetu huu, ndiyo basi tena. Kanipigie ngazi yake."

"Si umuulize mwenyewe kwenye simu ikoje?"

"Yule? Atasema ni tambarare, ili mradi nije."

Wawili hawa walianza kushona meza moja wakiwa wasichana. Wamenuniana, wamesutana, wamepatanishwa, na kila mmoja bado anaapa kwamba mwenzake hajui kukata kola.

"Bibi, hiyo imekwisha," nikamwambia.

Nilifika asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Tatizo ni kwamba chini ya ngazi alisimama bata bukini. Mweupe, shingo ndefu, macho ya mlinzi wa geti aliyenyimwa likizo. Nikamsalimia. Akafungua mabawa. Yaliyofuata sitayasimulia kwa undani. Niseme tu kwamba mwanamume mwenye busara hujua wakati wa kubadili mpango, nami niliubadili kwa kasi mpaka jengo la pili.

Na huko nikakuta ngazi ya kuoa! Pana, vipandio vifupi, chuma cha kushika kinang'aa kutoka chini hadi juu. Majengo yenyewe yamepakwa rangi moja. Nikajiambia, ngazi ni ngazi, hawa ni mtu na mdogo wake. Nikapiga.

Bibi akaikuza picha. "Mbona nakumbuka inapinda kushoto?"

"Wamekarabati."

"Na hiki chuma?"

"Kipya, Bibi. Ukikishika unaweza kusinzia."

Akacheka peke yake, akaenda kulitafuta gauni lake la bluu, lile la kutokea.

Ijumaa tukaenda. Mkono mmoja wa Bibi ulishika fimbo, na kwapani alibana mto wa kukalia safarini aliomshonea shoga yake. Bata alikuwepo. Bila kupanga, nikajikuta nyuma ya Bibi. Yeye akasema, "Hebu toka hapa!" kwa sauti ile ile anayotumia kwetu wajukuu, na bata akaondoka akijifanya alikuwa na safari zake.

Kisha Bibi akaitazama ngazi. Nyembamba, inapinda kushoto, vipandio virefu, na ukutani hakuna chuma wala kamba.

"Mume wangu, chuma kiko wapi?"

Mdomo wangu huwa unafika kabla ya kichwa. "Wameiba! Wezi wa vyuma, Bibi! Juzi tu nilikishika kwa mkono huu!"

Alisimama pale akitazama juu, akatazama goti, akatazama tena juu. Hapo hata mimi mzaha ukanikauka.

"Nikubebe mgongoni," nikasema.

"Wewe? Upepo ukivuma tunakushikilia. Chukua fimbo na mto."

Akageuka, akakaa kwenye kipandio cha kwanza kama anayeota jua. Akajisukuma kwa mikono na mguu mzima, akakaa kwenye kile cha juu yake. Kisha kilichofuata. Gauni la kutokea likawa fagio.

"Nilimwona mama yako akipanda hivi kabla hajajua kutembea," akasema akihema. "Alifika."

Mimi nilimfuata kwa chini, mikono wazi. Kijana aliyekuwa akishuka na ndoo akashtuka.

"Shikamoo, bibi. Umeanguka?"

"Marahaba. Napanda. Pita upande huo."

Kila alipopumzika aliwalaani wezi: wakose usingizi, jino liwaume siku ambayo daktari hayupo. Kila laana ilipotoka, mimi nililipapasa jino langu kwa ulimi.

Juu, mlango ukafunguliwa. Shoga yake alisimama akiegemea magongo, akamkuta Bibi kakaa kizingitini, mgongo mbele.

"Ndiyo unaingia kinyumenyume, kama unatoroka?"

"Ningeanza na uso ungekumbuka kola ulizoharibu."

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Nikamwinua Bibi, wakakumbatiana, goti limeegemea nyonga, nami nimewashika wote wawili maana hakuna aliyekuwa anamshika mwenzake kwa uhakika.

Tulipokwisha kuketi, Bibi akasema, "Shoga, pole na wizi."

"Wizi gani?"

"Wa chuma cha ngazi."

"Ngazi hii? Tangu nihamie hapa nashika ukuta. Haijawahi kuwa na chuma."

Nikaanza kuusifu mto kwa sauti kubwa. Mama wa watu akashusha miwani, akanikazia macho.

"Ngoja kwanza. Huyu ndiye yule mjukuu aliyekuwa ananyonya?"

"Ndiye. Siku hizi mume wangu ni mpiga picha."

"Loo! Kumbe ndiye! Shoga, juzi nimekaa dirishani hapa, namwona kijana na simu anamwamkia bata. Bata kufungua mabawa tu, kijana huyooo! Nikapiga kelele, 'Baba, hana neno huyo, panda!' Wapi! Akapotelea jengo la pili, simu kainyanyua juu kama mwenge. Nimecheka mpaka mshono ukaniuma."

Bibi akapangusa vumbi la gauni taratibu, akavaa miwani yake, akaninyooshea mkono.

"Mume wangu, hebu lete hiyo simu."