Panga la Springi

Mzee Kilo alifika kwa mhunzi asubuhi na vyuma vitatu ndani ya gunia, maana hakuwa mtu wa kununua kitu anachoweza kuokota. Alikuwa na bucha na malori, na jina hilo alipewa na wateja ambao hawakuwahi kupata kilo iliyotimia dukani kwake. Alitaka panga kubwa la kukatia mifupa. La zamani lilikuwa limepinda kama ndizi.

"Nichagulie kinachofaa, fundi," alisema, akavuta kigoda akaketi. "Wewe ndiye mwenye mkono."

Mhunzi aliitikia kwa adabu. Mdogo wake alikuwa rumande kwa sababu ya lori la mzee huyu, alilokuwa akiliendesha. Lilipinduka mteremkoni likamuua utingo aliyekuwa juu ya mzigo, na Mzee Kilo akaapa mahakamani kwamba gari lilikuwa zima na dereva alikuwa amelewa. Hukumu ilikuwa Ijumaa. Lakini kazi ni kazi, na wahunzi wengine wa mtaa ule walijua majembe tu. Mama yao, aliyekuwa akivuta mivukuto, alimtazama mgeni mara moja, kisha akarudisha macho kwenye makaa.

Chuma kikipata moto wa kutosha husema yaliyosemwa karibu yake. Kila mhunzi analijua hilo, na kusikiliza ni sehemu ya kuchagua. Alianza na nondo. Ilipoiva zikatoka sauti za vibarua wakigombana nani kamaliza maji ya kunywa.

"Laini hii," mhunzi alisema. "Mfupa wa kwanza tu, chali."

Tupa kuukuu nayo ikapiga mluzi wa seremala fulani, mluzi mbaya kweli, usio na kichwa wala miguu. "Hii ni ngumu kupita kiasi. Haipindi, inavunjika. Kipande kitaruka kimwingie mteja jichoni."

Likabaki jani la chini la springi ya lori, pana na zito. Mhunzi alilining'iniza kwa waya akaligonga. Mlio ulikwenda mbali bila kukwaruza, kwa hiyo halikuwa na ufa. Akalitia motoni, Mama akavuta. Jani likawa jekundu, likakaribia rangi ya chungwa, likasema kwa sauti ya mdogo wake:

"Bosi, jani la juu limekatika. Tusipakie leo, tutaua mtu."

Kisha kwa sauti ya Mzee Kilo: "Funga mpira hapo, twende. Ukiogopa lete ufunguo, wanaotaka kazi wamejaa kituoni."

Kisha utingo akacheka huko juu ya mzigo, na jani likaanza upya.

Mivukuto ilisimama. Mhunzi alikuwa na nyundo mkononi, na goti la Mzee Kilo lilikuwa karibu na fuawe, karibu mno. Aliishika nyundo vilevile, hakuiinua wala hakuishusha.

"Sauti yangu hiyo," Mzee Kilo alisema, akijipangusa shingo. "Kabla koo halijaanza kunisumbua."

"Mzee," Mama alisema, "hukumu ni Ijumaa. Nenda ukaseme hivyo hivyo. Mwanangu hajawahi kuonja pombe, nakuapia."

"Mama, mimi nilishasema. Mtu mzima akisema leo hivi, kesho vile, nani atamheshimu?"

Mama alimgeukia mwanawe. "Mfulie hiyo nondo, aende zake. Sitaki kusikia tena."

"Hapana, Mama."

Mhunzi alikuwa akiufikiria umati wa wateja wa jioni pale buchani. Hata hakimu wa kesi ya mdogo wake hununua nyama pale.

"Springi ndiyo yenyewe, Mzee. Ila nikwambie ukweli. Nondo ikipoa hunyamaza. Springi nikiizimisha kwenye mafuta, sauti inabaki humo humo. Panga litasema kila likipiga."

Mzee Kilo alikuna kidevu. Alitazama nondo, akatazama jani. Mhunzi alisubiri, maana mzee akichagua nondo, yote yangeishia pale pale.

"Mfupa wa paja, pigo moja?"

"Moja."

"Basi lifue. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi."

Mhunzi hakuwahi kufua panga zuri kama lile.

Buchani lilisema tangu pigo la kwanza. Wateja walisikiliza. "Maskini, kijana wa watu," mmoja alisema, akaomba aongezewe na maini. Alhamisi hakimu alikuja akapanga foleni kama kila mtu, akayasikia yote, mpaka kicheko cha utingo.

"Panga kali hili," alisema. "Chuma gani?"

"Springi ya lori langu."

"Ndiyo maana," hakimu alisema, akapokea nyama yake.

Ijumaa alisoma hukumu: miaka saba. Mhunzi alisimama akasema panga limeshatoa ushahidi, na mheshimiwa mwenyewe alikuwepo. Hakimu hakukasirika. Alisema ni kweli, aliyasikia, ila aliyasikia akiwa mteja.

Gereza liko mbali, na nauli ya huko haipatikani kila mara. Kwa hiyo jioni Mama huenda buchani kununua mifupa. Mzee Kilo humpokea vizuri, humuuliza hali ya nyumbani. Panga hupiga, na mwanawe husema: "Bosi, jani la juu limekatika."

"Kata vipande vidogo zaidi, Mzee," Mama husema.

"Mama, jamani, fanya haraka," mteja aliye nyuma yake humwambia. "Wengine tuna wageni."

"Vidogo zaidi," Mama husema.