Fundo la Bingwa

Jina la Bingwa daktari yule wa upasuaji alijipa mwenyewe, na aliyesahau kumwita hivyo alinuniwa wiki nzima. Mkono anao, hilo muuguzi wa wodi hakumnyima. Juzi alikata ngozi ya mkono wa mnadi mmoja, akamtengenezea ulimi mahali pa ule ulioliwa na saratani, akaunga mishipa ya damu chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Saa kumi za kazi safi. Balaa la Bingwa huanza kazi ikiisha na sifa zikianza.

Ulimi ule mpya uliishi kwa mishipa miwili tu, wa kuleta damu na wa kuirudisha, iliyopita shingoni chini kidogo ya ngozi. Kitu kikibana hapo, ulimi unakufa. Kwa hiyo muuguzi alibandika karatasi juu ya kitanda: SHINGONI USIFUNGE KITU. Kila saa aliubonyeza ulimi kwa kidole, akatazama rangi ikirudi.

"Fungua duka, kaka," alimtania.

Mnadi, aliyeuza makochi na majokofu miaka ishirini kwa sauti ya kupasua masikio, akigonga meza mara tatu mali inapopata mwenyewe, sasa alicheka kwa macho tu.

Mchana wakaja wageni wa bodi ya hospitali na mpiga picha. Bingwa akaziona nyuzi za shingoni, akakunja uso.

"Sista, mbona huyu kashonwa kama gunia? Lete bandeji."

"Daktari, hapo hapafungwi. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema mimi, na sasa nasema vingine."

Akaizungusha bandeji shingoni raundi tatu, akamalizia na fundo la kipepeo. Karatasi nayo akaibandua, eti inachafua ukuta. Picha zikapigwa, kisha akawapeleka wageni kunywa chai, akiwasimulia habari za mikono yake njia nzima.

Muuguzi hakungoja saa itimie. Alipochungulia kinywani, ulimi ulikuwa umevimba, wa zambarau. Damu ilikuwa inaingia, haitoki. Akampigia Bingwa simu.

"Nina wageni. Usiguse kazi yangu," akajibiwa, simu ikakatwa.

Kazi yake! Ulimi wa mtu umekuwa pambo la sebuleni kwake! Hasira zikampanda muuguzi. Akachukua mkasi, akalikata lile fundo, bandeji akaitupa kwenye ndoo. Dakika kumi zikapita bila badiliko, naye akaogopa kweli kwamba amechelewa. Kwenye dakika ya ishirini zambarau ikaanza kufifia pembeni, taratibu, hadi ulimi wote ukawa wa waridi.

Bingwa akarudi na wageni wake, akamulika tochi kinywani.

"Mnaona rangi hiyo? Ndiyo faida ya kufunga vizuri."

"Lakini bandeji yenyewe iko wapi?" mgeni mmoja akauliza.

Bingwa akamgeukia muuguzi kwa macho makali. Kabla muuguzi hajajibu, mnadi akavuta kibao alichokuwa akiandikia badala ya kusema, akaandika kwa herufi kubwa: KAFUNGA YEYE, KAFUNGUA SISTA. Akakiinua kwa mkono ule usiokatwa ngozi, akakizungusha polepole kila mgeni akione. Kisha akakiweka chini, akagonga ukingo wa kitanda mara tatu.